Filimbi na Kweli

Hapana mchezo usio na mwamuzi, wala hapana mwamuzi asiyekosea. Mambo haya mawili yanajulikana na watu wote. Ubishi huanza katika jambo la tatu. Mwamuzi akikosa, na kosa lake likaonekana waziwazi, je, neno lake lisimame kwa kuwa limekwisha kutamkwa, au liondolewe kwa kuwa si kweli? Wako wasemao kuwa lisimame, kwani mchezo hautakwisha kamwe kama kila neno laweza kuulizwa. Mimi nasema liondolewe. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwa ushahidi wa mchezo mmoja ulio mgeni kwetu, kwamba filimbi ilitengenezwa ili isimamishe miguu ya wachezaji. Haikutengenezwa ili izime kweli.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani. Usidhani kuwa ni kandanda tunayoicheza sisi. Ni ndugu wa raga, na ulikulia katika vyuo vya Marekani katika karne ya kumi na tisa, hata mwaka 1880 Walter Camp wa chuo cha Yale akawashawishi wenzake wakubali sheria iliyoutenga na raga: kwamba upande mmoja uwe na mpira wake bila kugombaniwa kila jaribio linapoanza. Undugu huo na raga haujapotea. Mwaka 2013 Daniel Adongo, kijana wa Kenya aliyekuwa mchezaji wa raga, alichukuliwa na timu ya Indianapolis Colts ajifunze mchezo huu ukubwani.

Uwanja wake una yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli, na nyuma ya kila mstari liko eneo la yadi 10. Kila upande una watu 11. Upande wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukifaulu hupewa mengine 4, ukishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Mwenye kuuingiza mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huupatia upande wake pointi 6. Basi mpira ndio mali yote ya mchezo huu. Aliye nao huchagua njia; asiye nao hana kazi ila kuzuia na kuvizia.

Mali hiyo huchukuliwa kwapani na watu wanaokimbia kwa nguvu zao zote, nao hukumbwa na watu wengine wanaokimbia kwa nguvu zao zote. Si ajabu ikawaponyoka. Katika raga, kama ujuavyo, mpira ukimtoka mtu mikononi ukaenda mbele ni kosa, na wapinzani hupewa nafasi. Katika mchezo wa Wamarekani si kosa; ni msiba. Mpira ulioponyoka haujafa. Unakuwa mali isiyo na mwenyewe, na yeyote atakayeuwahi ni wake. Umbo lake nalo lina ncha mbili, haurukiruki kwa mpango kama wa duara. Huenda kushoto mtu akitazamia kulia. Jambo hili tuliite mponyoko.

Tazama sasa kazi ya mwamuzi. Sheria yasema kwamba mchukuzi wa mpira aliyeguswa na mpinzani, kisha goti au kiwiko chake kikagusa ardhi, mpira wake umekufa papo hapo. Ukimtoka baada ya hapo si mponyoko. Ukimtoka goti likiwa bado hewani, ni mponyoko. Tena sheria yasema kwamba mrushaji aliyekwisha kupeleka mkono mbele, mpira ukaanguka chini bila kudakwa, amekosa pasi tu, na mpira umekufa. Lakini ukimtoka kabla mkono haujaenda mbele, ni mponyoko, na mpira u hai. Tofauti kati ya uhai na kifo cha mpira ni ya kufumba na kufumbua, na mwamuzi huitazama kupitia msitu wa miguu na mabega.

Kwa hiyo simlaumu mwamuzi anayekosea. Wewe na mimi tungekosea mara kumi zaidi. Waamuzi wa ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, iitwayo NFL, wamekuwa 7 uwanjani tangu mwaka 1978, kila mmoja na mahali pake pa kutazama, na bado jicho hudanganywa. Ninaowalaumu ni wale wanaotaka kosa la jicho ligeuzwe kuwa sheria. Hao ndio ninaogombana nao katika kurasa hizi.

Sikiliza habari ya tarehe 14 Septemba 2008. Siku hiyo timu ya Denver ilicheza nyumbani na timu ya San Diego. San Diego walikuwa mbele kwa 38 dhidi ya 31, na dakika zilizosalia hazikufika 2. Denver walikuwa wamefika yadi 1 tu kutoka mstari wa goli. Mrushaji wao, Jay Cutler, alikwenda upande wa kulia akainua mkono arushe. Mpira ukamteleza, ukaanguka nyuma yake, ukaruka, ukaingia mikononi mwa Tim Dobbins wa San Diego. Ulikuwa mponyoko usio na shaka. Lakini mwamuzi mkuu, Ed Hochuli, alidhani kuwa ni pasi iliyokosa, akapuliza filimbi.

Picha za marudio zikatazamwa. Waamuzi wote wakaona kwamba haikuwa pasi. Mwamuzi mwenyewe akaona. Watu wa pande zote mbili wakaona. Hata hivyo, San Diego hawakupewa mpira waliouokota, kwani sheria ya wakati ule ilisema kwamba filimbi ikishalia hapana mtu awezaye kupata mpira baada yake. Denver wakarudishiwa mali waliyoiangusha. Wakasukumwa nyuma mpaka yadi ya 10, lakini mpira ulikuwa wao. Baada ya muda mfupi wakafunga, wakaongeza pointi 2, wakashinda kwa 39 dhidi ya 38.

Pima jambo hili kwa akili yako mwenyewe. Kweli ilijulikana. Haikujulikana kesho yake au mwaka uliofuata. Ilijulikana pale pale, mchezo ungali haujaendelea. Hapakuwa na shaka wala ushahidi uliokosekana. Kilichokosekana ni ruhusa. Filimbi ilisema uongo bila kukusudia, kisha sheria ikaulinda uongo huo kama mlinzi alindavyo mlango wa hazina. Hochuli, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa uanasheria, alikiri kosa lake mbele ya watu, na kwa hilo namheshimu. Lakini ungamo lake halikuwapa San Diego hata yadi moja.

Watetezi wa filimbi wana hoja, na haifai kuzipuuza. Hoja yao ya kwanza ni nzito. Wasema kwamba filimbi hulinda viungo vya watu. Ikilia, wachezaji huacha kukumbana. Na kama tukiwaambia kwamba filimbi si mwisho, watazidi kuukimbilia mpira na kuumizana juu ya jambo lililokwisha. Hoja hii ni ya haki, na mtu asiyeijali hajui uzito wa mwili wa mtu ukimwangukia mwenzake.

Lakini ichunguze vizuri. Hoja hiyo yathibitisha kwamba filimbi isimamishe mwendo. Haithibitishi kwamba filimbi iamue mwenye mali. Hayo ni mambo mawili. Mwaka 2009, yaani mwaka uliofuata mkasa wa Denver, watunga sheria wa ligi ile walitambua tofauti hiyo. Wakakubali kwamba pasi iliyodhaniwa kuwa imekosa ikionekana katika picha kuwa ni mponyoko, na ikaonekana pia ni nani aliyeuokota mpira mara moja, basi apewe. Haruhusiwi kukimbia nao mbele. Filimbi imekwisha kuusimamisha mwendo. Lakini mpira ni wake. Je, wachezaji waliuana kwa sababu ya sheria hiyo? La hasha. Filimbi imeendelea kuheshimiwa, na kweli nayo imepata mahali pa kukaa.

Sasa na tuende kwenye rundo, maana huko ndiko haki ya mchezo huu inakojaribiwa kuliko kwingine. Mpira ukianguka, watu wanne, watano, kumi huurukia, na wengine hujitupa juu yao. Mpira huwa chini kabisa. Mwamuzi hukimbia mpaka kwenye rundo, huondoa watu mmoja mmoja kuanzia juu, hata amfikie aliye chini kabisa mwenye mpira. Ndipo hunyosha mkono kuelekea upande uliopata. Chini ya rundo hakuna jua wala macho, na wachezaji wengi wamesimulia yanayotendeka huko: vidole hupindwa, macho hubonyezwa, na aliyeupata mpira kwa haki hunyang'anywa na mwenye mkono wa kikatili zaidi.

Tarehe 19 Januari 2014, katika mji wa Seattle, timu ya mji huo ilicheza na San Francisco kuamua ni nani ataingia fainali ya mwaka. Katika robo ya nne mchezaji wa Seattle aliudaka mpira karibu kabisa na mstari wa goli. NaVorro Bowman wa San Francisco akamnyang'anya, akaanguka nao chini ameukumbatia, akiwa ameguswa na wapinzani. Kwa sheria, mpira ulikuwa umekufa mikononi mwake. Ulikuwa mali ya San Francisco. Lakini katika kuanguka huko goti lake la kushoto lilipindwa vibaya sana. Akiwa katika maumivu hayo, rundo likamfunika, mpira ukatolewa mikononi mwake, na waamuzi wakawapa Seattle.

Picha zilionyesha yote. Watu waliokuwa nyumbani kwao maelfu ya maili kutoka uwanjani walimwona Bowman ameushika mpira. Waamuzi peke yao walikatazwa kuziangalia, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuruhusu swali la nani ameokota mpira ndani ya uwanja lirudiwe kwa picha. Bowman alichukuliwa nje kano za goti zimekatika, na msimu wote uliofuata hakucheza. Alilipa kwa goti lake bei ya mpira ambao hakupewa. Seattle walishinda kwa 23 dhidi ya 17.

Hapa watetezi wa filimbi huleta hoja yao ya pili. Wasema kwamba makosa husawazishana yenyewe: leo wewe umedhulumiwa, kesho mwenzako atadhulumiwa. Nao hutaja kwamba katika jaribio lililofuata papo hapo, Seattle waliuponyosha mpira tena na San Francisco wakaupata. Basi, wasema, haki imejilipa.

Huu ni msemo wa mtu mvivu. Bahati ikimrudishia mtu alichoibiwa, mwizi hajawa mwema wala sheria haijawa nzuri. Ungeibiwa shilingi kumi sokoni, kisha ukaokota shilingi kumi njiani, ungesema kwamba soko lile lina ulinzi mwema? Dhuluma mbili hazifanyi haki moja. Hufanya dhuluma mbili. Watunga sheria wenyewe hawakuridhika na bahati hiyo. Mwezi Machi wa mwaka ule ule waliibadili sheria, na tangu hapo kuokotwa kwa mpira ndani ya uwanja kwaweza kuchunguzwa kwa picha. Sifa ni zao kwa kubadili. Lakini uliza swali hili: kwa nini goti la mtu lilihitajika ndipo mlango ufunguliwe?

Hoja ya tatu yasema kwamba picha zenyewe huleta dhuluma, na ushahidi wake huwa ni mchezo wa tarehe 19 Januari 2002. Katika theluji ya Foxboro, timu ya New England ilikuwa nyuma kwa 10 dhidi ya 13 mbele ya timu ya Oakland, na muda ulikuwa umekaribia kwisha. Charles Woodson alimkumba mrushaji Tom Brady, mpira ukaanguka, Oakland wakauokota. Waamuzi wakasema ni mponyoko. Mwamuzi mkuu Walt Coleman akatazama picha, akabadili: si mponyoko, ni pasi iliyokosa. New England wakaendelea, wakasawazisha, wakashinda kwa 16 dhidi ya 13 katika muda wa nyongeza.

Lakini picha zilikosa wapi? Zilionyesha mkono wa Brady ulivyokwenda mbele kisha ukarudi kuelekea mwilini, na ndivyo ilivyokuwa. Kilichokosa ni sheria. Tangu mwaka 1999 ilikuwapo kanuni kwamba mkono ukishakwenda mbele, mpira ukitoka hata mrushaji akiwa anaurudisha mwilini, huhesabiwa kuwa ni pasi. Coleman aliisoma kanuni kama ilivyoandikwa. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2013. Kioo hakilaumiwi kwa sura kilichoionyesha. Sheria mbaya haina adui kama mwanga, maana gizani haionekani ubaya wake.

Mimi nami sitaki kudai kupita kiasi, maana madai yaliyopita kiasi huangusha madai ya haki. Sisemi kwamba picha zitamaliza kila ubishi. Tarehe 10 Septemba 1978 timu ya Oakland, ikiwa nyuma kwa 14 dhidi ya 20 na sekunde 10 zimebaki, ilimwona mrushaji wake Ken Stabler akikamatwa na mpira ukimtoka kwenda mbele. Mwenzake mmoja akausukuma, na Dave Casper akaupiga kwa mguu akaulalia katika eneo la mwisho. Wakashinda kwa 21 dhidi ya 20. Waamuzi waliona ni mponyoko wa bahati. Baadaye Stabler alisema kwamba aliutupa kwa makusudi. Hakuna picha ionyeshayo nia iliyo moyoni. Ndiyo sababu mwaka 1979 sheria iliwekwa kwamba katika jaribio la nne, au katika dakika 2 za mwisho, mpira ulioponyoka upande wenye kushambulia hauwezi kusogezwa mbele na mtu yeyote wa upande huo ila yule yule aliyeuponyosha. Mahali ambapo kweli haionekani, sheria yenye busara huondoa faida ya udanganyifu. Mahali ambapo kweli yaonekana, sheria yenye busara huitii.

Wala sisemi kwamba michezo iliyokwisha irudiwe, au kwamba kila mwenye kelele asikilizwe. Picha ikiwa na shaka, neno la uwanjani lisimame. Mchezo ukiendelea, yaliyopita yamepita. Ninachokataa ni jambo moja tu: mtu kuiona kweli mbele yake, wakati wa kuitengeneza ungaliko, naye akajibu, "Nimekwisha sema."

Labda wewe, msomaji, utasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wenye kamera kila pembe ya uwanja, na kwamba katika viwanja vyetu hakuna kioo cha kumrudishia mwamuzi alichokikosa. Ni kweli; na katika viwanja vingi vya shule huko huko Marekani havimo vioo hivyo. Lakini ndiko hasa waamuzi wanakofundishwa dawa ya zamani kuliko kamera, nayo ni subira. Wakongwe wao husema kwamba si filimbi inayoua mpira. Sheria ndiyo iuayo, na filimbi hutangaza msiba tu. Basi mtu asitangaze msiba kabla hajauona mwili. Usipulize mpaka macho yako yameiona ngozi ya mpira na mkono ulioushika. Ukiona rundo, lifikie kwanza, kisha nyosha mkono. Ukiwa na shaka, mtazame mwenzako aliyesimama upande wa pili, huenda yeye ameona.

Subira hiyo si unyonge. Filimbi iliyopulizwa kwa haraka juu ya mpira ulioanguka humfaidi nani? Kwa kawaida humfaidi aliyeuangusha, maana mpira hurudishwa kwa upande uliokuwa nao mwisho. Aliyejitahidi akamnyang'anya mwenzake kwa ujuzi hurudi mikono mitupu. Kwa hiyo filimbi ya haraka huchagua upande, na mwenye kuipuliza huku akisema kwamba yeye hana upande hajijui.

Siku si nyingi, ewe kijana unayesoma maneno haya, nawe utapewa filimbi. Labda itakuwa filimbi hasa, katika uwanja wa shule yako. Labda itakuwa kalamu ya kiranja inayoandika majina ya wakosaji, au kiti cha mwenyekiti, au muhuri wa ofisi. Watu watasimama ukisema simama. Nguvu hiyo ni tamu, na utamu wake humdanganya mtu adhani kwamba kwa kuwa watu wamesimama, basi alilosema ni kweli. Jihadhari na udanganyifu huo. Ukiletewa ushahidi kwamba umekosa, na wakati wa kutengeneza ungaliko, rudi nyuma mbele ya wote bila kuona haya. Heshima ya mwamuzi haikai katika neno lisilobadilika. Hukaa katika mpira kuwa mikononi mwa mwenyewe.